Fahali wawili na zizi lisilo na ua

Kijana mmoja anayesoma uchumi ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. India na China ni majirani, kila moja ina watu zaidi ya bilioni moja na mabomu ya nyuklia, na mwaka 2020 askari wao waliuana kwa marungu mlimani. Hapo hapo nasoma kwamba biashara baina yao inazidi dola bilioni 100 kwa mwaka. Hawa ni maadui au ni wabia? Biashara kubwa kiasi hicho haitoshi kuwazuia wasipigane? Na wakipigana, nani mwenye nguvu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo jepesi. China ina nguvu zaidi, tena kwa mbali. Uchumi wake mwaka 2024 ulikuwa karibu dola trilioni 19; wa India haukufika trilioni 4. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia matumizi ya kijeshi duniani, inakadiria kwamba mwaka huo China ilitumia dola bilioni 314 kwa ulinzi, India bilioni 86. Vichwa vya nyuklia, kwa makadirio ya taasisi hiyo hiyo mwanzoni mwa 2025, China ilikuwa navyo kama 600 na India kama 180. India imeitangulia China kwa idadi ya watu, jambo ambalo Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa lilitokea Aprili 2023.

Ukiishia hapo utakuwa na jibu sahihi na hutaelewa kitu. Mwaka 1990 uchumi wa China ulikuwa kama dola bilioni 360 na wa India kama bilioni 320. Ukigawa kwa kichwa, Mhindi wa kawaida alikuwa mbele kidogo ya Mchina. Mtu aliyezaliwa Delhi au Beijing mwaka 1985 alianza shule nchi hizo mbili zikiwa sawa, na kabla hajafikisha miaka 40 moja ilikuwa imeizidi nyingine karibu mara tano. Kanuni kuu za kuishi kwa amani ambazo nchi hizo zinazitegemea hadi leo ziliwekwa katika ile miaka ya kulingana. Na mpaka ambao kanuni hizo zilikusudiwa kuutuliza haujawahi kuchorwa. Shika mambo hayo mawili, kwa sababu mengine yote nitakayokueleza, kuanzia marungu ya mwaka 2020 katika bonde la Galwan hadi sumaku za magari, yanatoka humo.

Tuanze na mpaka. India inasema mstari unaoyatenganisha majeshi yao una urefu wa kilomita 3,488. China inasema ni kama 2,000. Tafakari hilo kidogo: hata urefu wake hawakubaliani. Mstari wenyewe huitwa Mstari wa Udhibiti Halisi, yaani pale ambapo kila jeshi limefika na kukaa, na kila jeshi lina maoni yake kuhusu lilikofika. Upande wa magharibi kuna Aksai Chin, jangwa la baridi la kilomita za mraba zipatazo 38,000, lililo mikononi mwa China na linalodaiwa na India. Upande wa mashariki kuna Arunachal Pradesh, jimbo la India la kilomita za mraba kama 84,000, ambalo China inaliita Tibet ya Kusini. Mstari wa mashariki ulichorwa Simla mwaka 1914 na Waingereza waliokuwa wanaitawala India, ukapewa jina la mjumbe wao, Henry McMahon. Mjumbe wa China alitia herufi za jina lake kwenye rasimu, serikali yake ikakataa kuitambua, na hadi leo haijaitambua.

Yaliyofuata yaliletwa na barabara, na nitalirudia neno hili barabara mara nyingi. Baada ya jeshi la China kuingia Tibet mwaka 1950, Beijing ilihitaji njia ya kuiunganisha Tibet na Xinjiang, jimbo lake la kaskazini-magharibi. Njia inayopitika mwaka mzima ilikuwa moja, kupitia Aksai Chin. Barabara ikajengwa, ikamalizika 1957, na India ilikuja kulijua jambo hilo kwa hakika China yenyewe ilipotangaza kwamba kazi imekwisha. Eneo ni tupu kiasi kwamba barabara ilipita katika ardhi ambayo India inaihesabu kuwa yake bila askari wake hata mmoja kuwepo wa kuizuia. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibet, akakimbilia India baada ya uasi wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kuzimwa, akapokewa. Mwaka 1961 India ikaanza kupeleka vituo vidogo vya askari mbele, kwenye maeneo yanayogombaniwa, ikiamini China haitajibu.

China ilijibu tarehe 20 Oktoba 1962. Vita vilidumu mwezi mmoja tu, vikakoma 21 Novemba China ilipotangaza yenyewe kusitisha mapigano, ikarudi nyuma upande wa mashariki na kubaki na Aksai Chin. Wahindi wanaikumbuka Rezang La, kwenye mwinuko wa karibu mita 5,000, ambako kikosi cha Meja Shaitan Singh cha askari kama 120 kilipoteza watu 114, wengi wao wakiwa na nguo na viatu visivyostahili baridi ile. Wanaoishi mbali na Asia huona vita vya 1962 kama jambo dogo la zamani. Kwa afisa wa jeshi la India ni jambo la jana. Waziri mkuu yeyote wa nchi hiyo anapokaa na kiongozi wa China, mwaka huo uko naye mezani.

Sasa njoo Desemba 1988. Rajiv Gandhi, miaka 44, anaingia Jumba Kuu la Umma Beijing, waziri mkuu wa kwanza wa India kufika China tangu mwaka 1954. Deng Xiaoping, miaka 84, anamshika mkono na hauachii; wanahabari waliokuwepo waliandika kwamba ilipita kama dakika tatu, mzee akimwita rafiki yake kijana. Walichokubaliana ni jambo la busara kwa wakati ule: suala la mpaka liwekwe kando lizungumzwe polepole, na mengine, hasa biashara, yaendelee. Kutoka hapo ukaja mkataba wa 1993 wa kulinda utulivu mpakani, kisha wa 1996 uliosema hakuna upande utakaofyatua risasi wala kutumia baruti ndani ya kilomita mbili kutoka kwenye mstari.

Mikataba hiyo ni kazi nzuri na siibezi. Kwa miaka 45, tangu askari wanne wa India walipouawa Tulung La mwaka 1975, hakuna aliyekufa kwa mapigano kwenye mpaka ule. Askari walijifunza utaratibu unaomshangaza kila anayeuona kwa mara ya kwanza. Doria mbili zikikutana, bunduki zinabaki mgongoni, mdomo ukielekezwa chini. Kila upande unakunjua bango la kitambaa lililoandikwa kwa lugha ya mwenzake: hapa ni kwetu, tafadhali rudini. Wanasimama hivyo, mabango mikononi, pengine saa nzima, kisha kila mmoja anarudi alikotoka akiwa na la kuripoti.

Utaratibu huo unafanya kazi pale ambapo doria hufika mara chache na kwa taabu. Na hapa ndipo uchumi unapoingia mlimani. Mataifa mawili maskini hayawezi kuweka jeshi kubwa kwenye mita 4,500. Hayana barabara, hayana madaraja, hayana mafuta ya kupasha moto mahema. Zamani umaskini wenyewe ulisaidia kuwatenga. China ilipotajirika ikafikisha reli Lhasa mwaka 2006, ikajenga viwanja vya ndege na barabara za lami hadi karibu na mstari. India, iliyowahi kuyaacha kwa makusudi maeneo yake ya mpakani bila barabara ikihofu kwamba adui ndiye atakayezitumia, ikageuza fikra na kuanza kumfukuzia. Mwaka 2019 ikamaliza barabara ya kilomita 255 kutoka Darbuk hadi Daulat Beg Oldie, ikipita kandokando ya mto Shyok, karibu na mahali mto Galwan unapoingia. Doria iliyokuwa ikifika mara chache kwa mwaka sasa inaweza kufika wakati wowote. Mahali palipokuwa hapana mtu, sasa watu wawili wanafika siku moja. Ndiyo maana mivutano ilizidi kadiri nchi zilivyotajirika: Depsang 2013, Chumar 2014, Doklam 2017 ambako majeshi yalitazamana kwa siku 73 karibu na ukanda mwembamba wa Siliguri unaoliunganisha eneo lote la kaskazini-mashariki na India nyingine.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2020, katika bonde la Galwan, Kanali Santosh Babu alikwenda na watu wake kuhakiki kama askari wa China wameondoka mahali walipokubaliana waondoke. Pakazuka ugomvi. Walipigana kwa mawe, nondo na marungu yenye misumari, gizani, kwenye kingo za mto wenye maji ya barafu. Asubuhi India ilikuwa imepoteza watu 20, kanali mwenyewe akiwamo. Jeshi la India lilisema 17 kati yao walikuwa majeruhi mahututi waliozidiwa na baridi ya chini ya sifuri. China ilikaa kimya miezi minane, kisha ikakiri vifo vya askari wake wanne.

Watu wengi waliuliza: mbona hawakutumia bunduki? Kwa sababu ya mkataba wa 1996, mwanangu. Usiku ule mkataba uliheshimiwa, hakuna risasi iliyofyatuliwa, na watu wakafa. Nimefundisha somo hili miaka mingi na bado nikifika hapo sauti hunibadilika. Kanuni iliyotungwa ili askari wasiuane ilibaki na herufi zake tu. Hiyo ndiyo maana ya kusema kanuni imezeeka.

Sasa biashara, ambayo nadhani ndiyo iliyokutatiza zaidi. Wiki mbili baada ya Galwan, India ilipiga marufuku programu 59 za simu za Kichina, TikTok ikiwamo. Miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa imeshaamua kwamba uwekezaji wowote kutoka nchi inayopakana nayo kwa nchi kavu lazima upate kibali cha serikali. Kulikuwa na mikutano ya kuchoma bidhaa za Kichina barabarani. Halafu nini kikatokea? Katika mwaka wa fedha wa 2020-21 India iliagiza kutoka China bidhaa za dola bilioni 65. Mwaka wa 2024-25 ziliagizwa za bilioni 113.5. India iliuza China za bilioni 14 tu. Nakisi ni kama bilioni 99. Yaani katika miaka ile ile ambayo uhasama ulikuwa mkali kuliko wakati wowote tangu 1962, bidhaa ambazo India inaagiza kutoka China ziliongezeka kwa karibu robo tatu, na karibu biashara yote ilikwenda upande mmoja.

Ukitaka kuelewa kwa nini, chukua kidonge cha rangi mbili cha amoksisilini. India huitwa duka la dawa la dunia, na kwa haki. Dawa zake za bei nafuu zimeokoa watu wasiohesabika. Lakini fungua kidonge uutazame unga wa ndani. Dawa hiyo hutengenezwa kutoka kwenye penisilini G, ambayo huzalishwa kwa kuchachusha kuvu kwenye matangi makubwa kwa siku kadhaa, kazi inayokula umeme mwingi na yenye faida ndogo. India ilikuwa ikiitengeneza. Katika miaka ya 1990 viwanda vya China, vikiwa vikubwa zaidi na vikisaidiwa na serikali za majimbo, vikaanza kuuza kwa bei ambayo viwanda vya India havikuiweza, na kimoja baada ya kingine vikafungwa. Kwa miaka mingi India haikuzalisha penisilini G. Ilinunua malighafi China, ikatengeneza vidonge, ikauza kwa dunia. Leo karibu asilimia 70 ya malighafi za dawa ambazo India inaagiza hutoka China. Mwaka 2024 kiwanda kipya cha penisilini G kilifunguliwa Kakinada, Andhra Pradesh, kwa msaada wa mpango wa ruzuku ya uzalishaji ulioanzishwa 2020. Ni kiwanda kimoja, na kinapambana na bei zile zile zilizowaua wenzake.

Kwa hiyo swali la "maadui au wabia" halina jibu la neno moja. Simu iliyounganishwa Chennai imejaa vipuri vya China. Kadiri India inavyojenga viwanda ili imfikie jirani yake, ndivyo inavyohitaji mashine na malighafi kutoka kwa jirani huyo huyo. Kwa China, soko la India huchukua kama asilimia tatu tu ya mauzo yake ya nje. Lipo, linafaa, lakini likikatika China haizimii. Kwa India, bidhaa za China ni kama asilimia 15 ya kila inachoagiza, na nyingi ni zile zisizo na mbadala wa haraka.

Jirani mwenye kutegemewa hivyo ana silaha isiyotoa mlio. Aprili 2025 China iliweka vibali kwa usafirishaji wa baadhi ya madini adimu na sumaku zake, hasa kwa sababu ya ugomvi wake wa ushuru na Marekani. Watengenezaji wa magari India wakajikuta wanahesabu siku zilizobaki kabla sumaku hazijaisha ghalani, maana mota ya gari la umeme haizunguki bila sumaku hizo. Mwaka huo huo mbolea maalumu na mashine za kutobolea mahandaki zilizoagizwa kutoka China nazo zilichelewa. Agosti 2025, waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipofika New Delhi, moja ya habari njema alizobeba ni kwamba bidhaa hizo tatu zitaachiwa. Umeona? Kuachia tu kile ulichokuwa unauza kumekuwa zawadi ya kidiplomasia.

Je, biashara inawazuia wasipigane? Kidogo, na si kwa namna vitabu vya uchumi vinavyoeleza. Uingereza na Ujerumani zilikuwa wateja wakubwa wa kila mmoja mwaka 1913. Biashara yenye uzito sawa hufanya pande zote zifikiri mara mbili. Biashara iliyolala upande mmoja hufanya mmoja afikiri mara mbili, na mwingine ajue kwamba mwenzake anafikiri mara mbili. Mimi naona ndiyo maana China ilithubutu mwaka 2020.

Yanayozuia vita vikubwa ni mengine. Kuna nyuklia, na nchi zote mbili zimetamka rasmi kwamba hazitakuwa za kwanza kuzitumia, China tangu jaribio lake la 1964 na India baada ya majaribio yake ya 1998. Na kuna milima yenyewe. Hapa hesabu ya bajeti niliyokupa mwanzo inaanza kulegea. Ndege ya kivita ya China ikiruka kutoka kiwanja cha Tibet, kwenye mita 4,000, hewa ni nyepesi. Mabawa hayapati cha kushika na injini hazipati cha kupumua, basi inabidi ipunguze mabomu au mafuta. Ndege ya India iliyoko Tezpur inaruka kutoka tambarare, hewa nzito, mzigo kamili. Askari kutoka nyanda za chini, wa nchi yoyote, akipandishwa ghafla hadi mita 4,500 anaugua mapafu kabla hajamwona adui. Lazima azoeshwe kwa siku kadhaa, hatua kwa hatua. Yule anayeshambulia mlimani anahitaji watu wengi kuliko anayelinda. Fahali mkubwa mara tano kwenye karatasi si mkubwa mara tano pale juu.

Sababu nyingine ni kwamba kila mmoja ana jambo jingine linalomkosesha usingizi zaidi. Kwa China ni Taiwan na Marekani. Kwa India ni Pakistan, na hapo China iko tena, maana SIPRI inaonyesha kwamba kati ya 2020 na 2024 asilimia 81 ya silaha ambazo Pakistan iliagiza zilitoka China. Katika mapigano ya India na Pakistan ya Mei 2025, Pakistan ilirusha ndege za J-10C za Kichina zenye makombora ya Kichina. Majenerali wa New Delhi waliangalia siku zile nne kwa macho mawili, moja Lahore na moja Beijing. Barabara kuu ya mradi wa China nchini Pakistan, ulioanzishwa 2015, inapita Gilgit-Baltistan, ardhi ambayo India inaidai. Hilo hasa ndilo limeifanya India ikatae kujiunga na mpango mzima wa Ukanda na Njia, yaani mpango wa China wa kujenga barabara, reli na bandari katika nchi nyingi.

Baharini mambo yamegeuka, na ningekushauri uyatazame zaidi ya milima. Sehemu kubwa ya mafuta ya China hupita Bahari ya Hindi, kisha mlango wa Malacca, na visiwa vya India vya Andaman na Nicobar viko pale pale mlangoni kama mlinzi wa geti. Rais Hu Jintao alilitaja hilo kama tatizo tangu 2003. Ndipo China ikafungua kambi ya kijeshi Djibouti mwaka 2017, mwaka ule ule kampuni yake ilipopewa bandari ya Hambantota, Sri Lanka, kwa miaka 99. India nayo ikajenga uwanja wa ndege na gati katika kisiwa cha Agalega, Mauritius, vikafunguliwa Februari 2024. Mwambao wa Afrika Mashariki umo ndani ya mchezo huo: katikati ya 2024 jeshi la China lilifanya mazoezi na la Tanzania, na Aprili 2025 jeshi la majini la India likaja Dar es Salaam kuzindua mazoezi yake na nchi za Kiafrika. China ina manowari nyingi zaidi duniani na meli tatu za kubeba ndege, ila ziko mbali na nyumbani zikifika huku. India ina mbili, na iko nyumbani.

Utaniuliza: kama ni hivyo, mbona siku hizi viongozi wao wanashikana mikono? Oktoba 2024 walikubaliana juu ya doria za Depsang na Demchok, mahali pa mwisho palipokuwa na mgogoro wa 2020, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Modi wa India na Rais Xi wa China wakakutana Kazan, Urusi. Mwaka 2025 mahujaji wa Kihindi wakaruhusiwa tena kwenda mlima Kailash, ndege za moja kwa moja zikarudi. Mwishoni mwa Agosti 2025 Modi akatua Tianjin, mara yake ya kwanza China baada ya miaka saba. Safari ilikuwa imepangwa, lakini siku chache kabla Marekani ilikuwa imefikisha ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za India, na hilo liliongeza joto la salamu. Xi akasema joka na tembo, yaani China na India, wacheze pamoja. Ninafurahi kwa kila salamu ya aina hiyo, maana kila mwezi wa utulivu ni askari waliorudi wazima. Ila elewa kwamba makubaliano ya 2024 yalihusu nani apite wapi na lini. Mstari wenyewe haukuguswa, na maelfu kwa maelfu ya askari walioletwa 2020 hawajarudi kambini kwao.

Yapo mawili yanayoweza kuwasha moto tena, na yote yanatoka Tibet. La kwanza ni Dalai Lama, aliyetimiza miaka 90 tarehe 6 Julai 2025. Siku chache kabla alitangaza kwamba nafasi yake itaendelea na kwamba ni taasisi yake tu yenye haki ya kumtambua mrithi. Beijing inasema hakuna mrithi bila idhini yake. Siku akiondoka, huenda pakawa na watoto wawili wanaoitwa Dalai Lama, mmoja Tibet na mmoja pengine India, tena huenda Tawang, mji wa Arunachal alikozaliwa Dalai Lama wa sita mwaka 1683 na ambao China inaudai. La pili ni bwawa kubwa la umeme ambalo China ilianza kulijenga Julai 2025 Medog, kwenye mto ambao ukivuka mpaka huitwa Brahmaputra. Hofu ya India kwamba mto utakauka imekuzwa, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua za monsuni upande wa India. Kinachonitia wasiwasi mimi ni mafuriko ya ghafla na takwimu za mto kutotolewa kwa wakati, kwa kuwa hakuna mkataba wa maji kati yao.

Sasa nirudi kwenye fahali wako. Wahenga walizungumzia zizi, na zizi lina ua. Hapa ua haujajengwa. Jaribio la kubadilishana ramani za upande wa magharibi lilikwama mezani mwaka 2002, na tangu hapo hakuna aliyethubutu tena. Lakini katika kikao kile cha Agosti 2025, Wang Yi na mshauri wa usalama wa India, Ajit Doval, walikubaliana kuunda kikundi cha wataalamu kitafute sehemu ya mpaka inayoweza kukamilishwa mapema. Wengi tunadhani itakuwa Sikkim, kwa sababu huko kuna mkataba wa 1890 ambao pande zote zinautambua kwa kiasi fulani. Basi katika masomo yako acha kufuatilia hotuba, fuatilia kikundi hicho. Siku utakaposoma kwamba wameshindilia hata nguzo moja ya zege ardhini Sikkim, na kila upande umeipiga picha na kuitia kwenye ramani yake, niandikie, kwa sababu itakuwa nguzo ya kwanza waliyowahi kuisimika pamoja.